Geraldine Hajui Kusimama

Nimeendesha basi la shule namba tisa hapa Hollis Fork, Ohio, kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kugonga hata ndoo ya taka. Sijisifu, nasema ukweli tu. Kuliondoa gari hata mbuzi anaweza, ukimpandisha akaangukia pedali. Kazi ni kulisimamisha. Kwa bahati mbaya niliolewa na mwanamume ambaye, kwa mambo ya magari, anaamini kinyume chake.

Mume wangu anaitwa Delmar Stuckey na gari lake linaitwa Geraldine. Jina hilo ni la mwalimu wake wa darasa la nne. Sijui kwa nini, na nimeona ni afadhali nisiulize. Geraldine alitoka kiwandani mwaka 1966, rangi ya chungwa, milango miwili, na chini ya boneti ana injini ya silinda nane ambayo ikiwaka vikombe vinacheza kabatini. Watu wa huku wana wazimu na magari ya aina hiyo. Enzi zile yalizidi kupewa nguvu mwaka hadi mwaka, injini kubwa, halafu kubwa zaidi, na nahisi ilipofika zamu ya breki kila mtu alikuwa amekwenda kula chakula cha mchana.

Breki za Geraldine zilikuwa za dramu kwenye magurudumu yote manne. Maana yake ni vipande viwili vinavyotanuka ndani ya kitu kama sufuria ya chuma na kuibembeleza isizunguke. Zikipata moto zinakata tamaa. Kwa hiyo Delmar alikuwa na utaratibu wake wa kusimama. Anaanza kulifikiria jambo hilo akiwa bado mbali. Kisha anaipampu pedali mara tatu, anaisimamia kwa miguu yote miwili, anauma ulimi, na mkono wake wa kulia unaruka pembeni kumzuia aliyekaa kiti cha abiria asije akapaa.

Mkono huo naujua vizuri. Mwaka 1994 tulikuwa tunakwenda harusi ya dada yangu, na pale barabara inapoishia tulitakiwa tusimame, kisha tukunje kushoto. Hatukusimama, wala hatukukunja. Tuliingia moja kwa moja kwenye shamba la soya la watu, hatua themanini, mimi nikiwa na gauni la msimamizi wa bibi harusi, rangi ya waridi, na ule mkono wa Delmar, katika kuniokoa, ukanivunja pua. Kwenye picha zote za harusi ile mimi ndiye yule mwenye pamba puani.

Tangu siku hiyo sikuingia tena ndani ya Geraldine. Delmar alikwenda kwenye maonyesho ya magari peke yake, akarudi peke yake, akaning'iniza tuzo zake ukutani peke yake, pale nilipotaka niweke picha ya mama yangu.

Mtu mwenye akili zake angebadilisha breki jioni ile ile. Lakini Delmar ni mwanachama wa klabu. Wako saba, na wana shindano lao wanaliita la Wasioguswa: gari liwe vile vile lilivyotoka kiwandani, kila nati, kila waya, kila mpira. Mwenyekiti wao, Royce Hockenberry, hukagua kwa kioo kidogo alichokifunga kwenye kijiti, tochi mdomoni, akitambaa chini ya magari na magoti yake mabovu. Royce anaweza kukunyang'anya pointi kwa sababu boliti moja ni nyeupe kidogo kuliko wenzake. Mwaka mmoja alimkata Delmar nusu pointi kwa ajili ya kifuniko cha betri, na Delmar alikaa siku mbili hali chakula. Alikula pai ya cheri tu, nzima, na nyingine siku ya pili. Kumwambia mtu kama huyo aweke breki za kisasa za diski ni sawa na kumwambia aende kanisani na taulo.

Basi mwezi wa tano simu ikalia. Walikuwa watu wa kamati ya Sikukuu ya Mahindi Matamu. Walisikia ninastaafu, wakaona nifanywe Mgeni wa Heshima, nikae ndani ya gari la mbele kwenye gwaride, nyuma tu ya bendi ya shule, nipungie watu mkono. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza. Nusu ya mji huu nimeibeba kwenye basi langu, na nusu nyingine nimeipigia honi. Nilitaka kupungiwa mkono angalau mara moja na mtu ambaye hakuchelewa.

Nilipomwambia Delmar, uso wote ulimwaka.

"Geraldine!" akasema. "Nitakupeleka na Geraldine. Nitaanza kumng'arisha leo leo."

"Hunipeleki popote na kile kitu."

"Lorna, ni gwaride. Tunakwenda mwendo wa kobe."

"Mlima wa Mtaa wa Kanisa unaujua au huujui? Mwaka 2011 ulisimama wapi?"

Akainama akaangalia viatu vyake. Mwaka 2011 alikuwa amesimama juu ya meza ya maji ya limau ya akina mama wa kanisa. Hadi leo anadai alikuwa anaegesha.

"Mbele yangu watakuwa watoto arobaini wa bendi," nikamwambia. "Nimewafikisha shule salama toka wakiwa wanavaa viatu mguu usio wake. Siendi kuwamaliza siku yangu ya kuagwa. Mpe Geraldine breki, nitapanda. Usipompa, nitapanda na Buddy Klinger."

Delmar akakodoa macho. "Buddy wa lori la vyoo?"

"Huyo huyo."

Buddy ana lori la kunyonya vyoo, na kila mwaka hulisugua, akalifunga maputo, akaliingiza kwenye gwaride. Nilishampigia. Alifurahi mpaka sauti ikakatika. "Dada Lorna," aliniambia, "nitalisugua mpaka ujione uso. Na breki zake ni za upepo, kama za basi lako!" Hilo la breki ndilo lililonimaliza. Buddy anajua kuongea na mwanamke.

Sitadanganya, sikutaka kupanda lori la vyoo. Nilitaka kukaa kile kiti cha Geraldine, kilichoshonwa kwa mistari, mume wangu akiwa pembeni yangu amevaa shati lililopigwa pasi. Nilitaka kwa miaka thelathini na moja. Lakini sikumwambia, kwa sababu mimi nami nina kichwa changu.

Kwa wiki tatu Delmar alizunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza miwani. Anamfungua Geraldine boneti, anamtazama, anamfunga. Mara namkuta ananong'ona naye. Siku ya ishirini na mbili likaja sanduku kubwa, zito, mleta vifurushi akalivuta kwa kamba mpaka mlangoni.

"Nini hiki, mzee Stuckey? Mawe?"

"Vyungu," akasema Delmar haraka. "Vyungu vya maua."

Katika miaka yake yote Delmar hajawahi kuwa na ua. Lakini mleta vifurushi alikuwa na nyumba nyingine arobaini za kupitia, na hadi saa sita mchana mji mzima ulijua kwamba Delmar Stuckey ameanza bustani. Jioni ikabidi aende dukani akanunue vyungu sita na maua mekundu, akavipanga barazani, akasimama kando akiwa ameyakasirikia.

Ndani ya sanduku kulikuwa na diski mbili za mbele zinazong'aa kama sahani za wageni, vibanio vyake, mabomba mapya, na pampu mpya ya breki yenye vyumba viwili, ili kimoja kikivuja kingine kibaki na akili. Ile pampu ya zamani ilikuwa na chumba kimoja tu. Nilipolijua hilo nilikaa chini kwanza. Miaka yote mume wangu alikuwa anategemea chumba kimoja!

"Sasa nisikilize," Delmar akaniambia, amenishika mabega. "Hakuna mtu atakayejua. Magurudumu ya zamani yanabaki, na vifuniko vya rimu vyake, kwa hiyo diski hazionekani. Tatizo ni hii pampu. Royce akifungua boneti ataiona." Akaenda jikoni, akarudi na kopo langu la kahawa, akamwaga kahawa kwenye bakuli la saladi. Alilikata kopo, akalikunja, akalipaka rangi nyeusi, akalisugua na vumbi la banda, akaivisha ile pampu mpya. Nikainama kuangalia. Lo! Ungeapa ni pampu ya 1966. Mtu huyu ameshindwa kunitengenezea droo ya jikoni tangu mwaka juzi.

Kazi aliifanya bandani, mlango umefungwa, magazeti madirishani, joto la mwezi wa saba humo ndani. Alitoka akiwa amelowa kama amevuliwa mtoni. Mambo yakaenda vizuri hadi ilipofika kazi ya kutoa upepo, ambayo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine analala chini, anafungua kiskrubu, mafuta ya breki yanatoka na upepo wake, anakifunga tena. Aliye juu asiachie pedali kabla kiskrubu hakijafungwa. Akiachia, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Najua ndoa mbili hapa mjini ambazo zilivunjikia kwenye kazi hiyo.

Kwa hiyo nikaingia ndani ya Geraldine. Nilijiambia ni kazi tu, gari limewekwa juu ya stendi, haliendi mahali.

"Pampu!" Delmar akapaza sauti kutoka chini.

"Nimepampu."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

"Umeachia!"

"Sijaachia! Mguu uko sakafuni!"

"Mbona nasikia umeachia?"

"Hayo ni magoti yangu, Delmar. Nina miaka sitini na tatu."

Tukaenda hivyo saa nzima, gurudumu baada ya gurudumu, tukitukanana kwa adabu. Tulikuwa gurudumu la mwisho, kiskrubu kiko wazi, mguu wangu umekandamiza pedali mpaka chini, ule mlango wa kuingilia bandani kutoka jikoni ukafunguka akaingia Royce Hockenberry na mamumunye matano mikononi. Mwezi wa saba huku kila mwenye bustani anatafuta mtu wa kumbwagia mamumunye. Usipofunga gari lako unayakuta kiti cha nyuma.

Royce akanitazama. Mamumunye mawili yakamponyoka.

"Shemeji Lorna? Umo ndani ya Geraldine?"

"Nimo."

"Baada ya miaka yote hii?"

"Nalizoea," nikasema. "Kidogo kidogo. Leo nakaa tu."

Chini ya gari zilionekana buti za Delmar peke yake. Nilisubiri akifunge kiskrubu aniokoe mguu. Hakukifunga. Baadaye nilikuja kujua kwa nini: gurudumu lilikuwa limetolewa na diski iko wazi, kwa hiyo alikuwa amejivuta na kuikumbatia kwa mikono yote miwili, kifua na shavu, ili Royce asiione. Spana ilikuwa mbali.

"Delmar, vipi huko chini?" Royce akaziuliza buti.

"Napumzika," buti zikajibu.

"Nimesikia una bustani."

"Ndiyo."

"Maua gani?"

Buti ziligongana. "Mekundu."

Nilidhani ataaga. Badala yake akavuta ndoo akaikalia. Akaanza kuzieleza buti za Delmar habari za boliti za radieta, zile zenye alama tatu kichwani na zile zenye alama mbili, na jinsi mtu mmoja wa kaunti ya pili alivyojaribu kumdanganya na zenye alama mbili. Mguu wangu ukaanza kutetemeka. Nikalishika goti kwa mikono miwili. Kutetemeka kukahamia pajani. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

"Shemeji, uko sawa?" Royce akauliza. "Unatetemeka."

"Ni hisia," nikamwambia kwa meno yaliyobana.

Machozi yakamlengalenga, mjinga yule. "Hata mke wangu Phyllis ilikuwa hivyo hivyo," akasema kwa upole, na akaendelea dakika kumi nyingine. Alipoondoka hatimaye, Delmar alikuwa na alama ya diski shavuni, duara kamili, ikakaa siku tatu. Mimi nilitembea kama bata mpaka Jumapili. Lakini sikuachia pedali. Upepo haukuingia hata chembe.

Siku ya sikukuu ikafika. Mtaa wa Kanisa ulikuwa umepangwa viti vya kukunja pande zote tangu juzi yake, maana ndivyo watu wa huku wanavyowekeana nafasi, na ole wako uguse kiti cha mtu. Harufu ya mahindi na siagi ilijaa kila mahali. Buddy Klinger, kwa kuwa nilishamwambia sitahitaji tena lori, alikuwa amepewa kazi ya kuvaa vazi la Bwana Gunzi, hindi kubwa la sponji kuanzia magotini mpaka juu ya kichwa, lisilo na nafasi ya mikono wala ya kuona miguu. Akanisalimia kwa kuinama. Wakamwinua watu wawili.

Kabla ya gwaride ilikuwa ukaguzi. Royce alikuja na kijiti chake cha kioo. Delmar alisimama wima mashavu yakimcheza. Royce akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akaingiza kioo, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Akainuka. Akafungua boneti. Akaitazama pampu, akaisogelea, akanusa.

"Hm," akasema. "Kahawa."

"Nimekunywa asubuhi," Delmar akasema.

Royce akamwangalia, akaniangalia mimi, akaandika kwenye karatasi yake. Pointi zote mia. Hata ule uchafu kwenye waya wa taa hakuukatia kitu. Nikaona hapa pana jambo, lakini bendi ikaanza kupiga na hapakuwa na muda.

Basi tukaondoka. Mimi kwenye kiti changu cha mistari, mkanda umefungwa, dirisha wazi, kofia ya nyasi kichwani. Mbele yetu bendi, nyuma yetu magari sita ya klabu, Royce na Phyllis wa kwanza kutufuata. Watu wakaanza kupiga makelele: "Bi Lorna! Bi Lorna!" Majitu yenye ndevu, niliyoyajua yakiwa na makamasi, yalisimama juu ya viti kunipungia. Nililia mara moja, pale kwa kinyozi, na nikaacha.

"Unaona?" Delmar akasema. Alikuwa ananyata kabisa, mguu wake unaigusa pedali kama anagusa yai. "Unaona anavyoshika?"

"Naona. Angalia mbele."

Tukafika kileleni. Bendi ikawa imepata mori, imeshuka mlima haraka, ikaacha nafasi kubwa katikati, na katika nafasi hiyo yumo Bwana Gunzi peke yake anacheza. Delmar akaona watu wa chini hawajaisikia injini vizuri. Akaipa moto. Si mwingi, lakini Geraldine hajui kidogo. Nyuma wote sita wakafanya vile vile, kwa sababu mmoja wao akinguruma wengine hawawezi kujizuia. Tukaanza kuteremka kwa kishindo.

Ndipo Buddy akajikwaa. Alidondoka kifudifudi, na kwa kuwa ni hindi, hakubaki alipoangukia. Akabingirika mpaka katikati ya njia yetu, akageuka chali, miguu inapiga hewani. Ndani ya sponji nilisikia sauti ndogo: "Jamani!"

Sasa, mtu aliyekanyaga breki za dramu maisha yake yote hawezi kusahau kwa wiki tatu. Delmar aliuma ulimi, akainuka kitini, akaikanyaga pedali kwa miguu yote miwili, kwa uzito wake wote, kama siku zote.

Geraldine alisimama. Hakupunguza mwendo kwanza, alisimama tu, palepale, nyuma akanyanyuka kidogo akatua. Kofia yangu ikatoka dirishani. Kifuniko cha rimu cha mbele kikachomoka, kikateremka mlima chenyewe kwa mbwembwe, kikapita katikati ya wapiga ngoma, kikalala. Chini ya injini pakasikika kitu kikigonga lami, na kopo la kahawa likatoka taratibu, likabingirika mpaka kwenye miguu ya Bwana Gunzi. Upande mmoja rangi ilikuwa imebanduka na jina la kahawa linasomeka vizuri.

Mimi niliwaza jambo moja tu. Nyuma yetu kuna magari sita, yote ya dramu, yanateremka mlima. Delmar naye aliwaza hilo, nilimwona amefumba macho. Nikajikunja nikisubiri kishindo.

Hakukuwa na kishindo. Tulisikia mlio mfupi, mwingine, mwingine, sita kwa pamoja, safi kabisa.

Nikafungua mkanda nikashuka. Nikatazama nyuma. Magari yote sita yamesimama kwenye mstari, kila moja shubiri moja kutoka kwa mwenzake, kama vijiko kwenye droo. Madereva wote wamekaa wanatazama mbele, nyuso nyekundu, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikasogea mpaka dirishani kwa Royce.

"Royce," nikamwambia, na sauti yangu ni ya basi, inasikika mpaka kiti cha nyuma, "mimi nimekula mshahara wa kusimamisha magari. Breki za dramu hazisimami hivyo."

Phyllis akaangalia dirisha la upande wa pili akijikaza asicheke.

"Kopo la pichi," Royce akasema hatimaye.

"Nini?"

"Mimi pampu yangu niliivisha kopo la pichi. Mwaka 2008." Akashusha sauti. "Phyllis alikataa kupanda. Harufu ya pichi huwa inatoka injini ikipata moto. Ndiyo maana leo niliponusa kahawa nikajua. Siku ile ya mamumunye nilikuja kumwambia Delmar ukweli, nikashindwa kuanza. Na hawa wengine, nimekagua magari yao kwa kioo miaka yote, shemeji. Nimeona diski za kila aina. Ningesemaje?"

"Kwa hiyo aliyekuwa na breki mbovu kweli ni Delmar peke yake?"

"Tulimheshimu sana," akasema Royce.

Nilikuwa nimeandaa la kumjibu, refu na lenye chumvi, maana niliwaza miaka yangu yote ya kukaa nyumbani kwa ajili ya kioo kwenye kijiti. Royce akaniwahi.

"Tena tulikuwa tunamwonea huruma. Miaka yote namfuata nyuma kwenye gwaride. Kila akikanyaga breki, mkono wake unaruka kukizuia kile kiti. Kiti kitupu. Hakuna mtu, na mkono unakwenda. Kila mara, Lorna."

Lile la chumvi likapotea mdomoni. Nikarudi kwa Geraldine. Wakati ule watu walikuwa wameshamwinua Bwana Gunzi na kumkung'uta, naye alikuwa amelichukua kopo langu anawaonyesha watu. Delmar alikuwa vile vile nilivyomwacha. Diski yake inameremeta mbele ya mji mzima, tuzo yake imekwisha, na hakuwa anaangalia huko. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka juu ya kiti nilichotoka, kiganja wazi.

"Nimekuumiza?" akauliza. "Pua iko salama?"

"Pua iko salama."

"Sikuwa na nia. Hata ile ya kwanza, Lorna. Sikuwahi kukwambia."

"Sogea nikae," nikasema, ingawa nafasi ilikuwepo.

Nikakaa, nikafunga mkanda. Tukateremka Mtaa wa Kanisa na gurudumu moja halina kifuniko, magari sita ya uongo yakitufuata kwa heshima zote, na hakuna aliyeguna. Kule chini, mbele ya jukwaa, bendi ikasimama. Delmar akaigusa pedali kwa mguu mmoja, polepole, kama nilivyomfundisha, na Geraldine akatulia kama basi langu. Mkono ukaja hivyo hivyo.

"Zinashika, Delmar," nikamwambia.

"Najua," akasema, na hakuutoa.

Nikauondoa mkoba wangu mapajani nikauweka chini, mkono upate mahali pa kukaa, nikaendelea kupungia watu kwa ule wangu mwingine.